Uzoefu wangu: kutuma ankara za PDF kwa barua pepe kutoka Python

Kwa kutuma ankara za wateja kila mwisho wa mwezi natumia vifaa vinavyokuja na Python yenyewe, `smtplib` (ya kutuma barua) na `EmailMessage` (ya kuunda ujumbe), na sijaona sababu ya kusakinisha maktaba nyingine. Naipa nyota 4 kati ya 5. `EmailMessage` ndiyo njia inayopendekezwa tangu toleo la 3.6 la mwaka 2016, lakini mifano mingi mtandaoni bado inafundisha `MIMEBase`, njia ya zamani, ambayo ukisahau mstari mmoja tu wa `encode_base64` (unaogeuza faili kuwa maandishi yanayoweza kusafiri kwa barua pepe) PDF inafika imeharibika. Achana nayo. Kazi yote ya kuandaa ujumbe ni hii:

```
msg = EmailMessage()
msg["Subject"] = "Ankara ya Machi"
msg["From"] = mtumaji
msg["To"] = mteja
msg.set_content("Habari, ankara yako imeambatishwa.")
with open(njia, "rb") as f:
    msg.add_attachment(f.read(), maintype="application",
        subtype="pdf", filename="ankara-machi.pdf")
```

Usiache `"rb"`. Ukifungua PDF kwa `"r"`, Python inajaribu kuisoma kama maandishi, na mara nyingi utaangukia `UnicodeDecodeError`. Usiache `filename` pia, maana bila hiyo mteja anayetumia Gmail anaona kiambatisho kinaitwa "noname" na wengi hawathubutu kukifungua. Halafu `set_content` lazima itangulie. Ukiiita baada ya `add_attachment`, programu inagoma kwa `TypeError`.

Kuunganisha na Gmail ni `smtp.gmail.com`, poti 587 ukitumia `starttls()` (usimbaji fiche unawashwa baada ya kuunganisha), au 465 ukitumia `SMTP_SSL` (usimbaji upo tangu mwanzo). Nenosiri lako la kawaida halikubaliwi, utapata kosa la 535. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, kisha tengeneza nenosiri la programu ("app password", la kutumiwa na msimbo wako badala ya lile la kawaida) lenye herufi 16. Lihifadhi nje ya msimbo, na uweke `timeout=30` ili mtandao ukikatika programu isibaki imening'inia.

Sasa kosa ninalolihofia kuliko yote. Mtu anatengeneza `msg` moja juu ya kitanzi (msimbo unaorudiwa kwa kila mteja), halafu kila mzunguko anabadilisha mpokeaji na kuongeza ankara yake. Mzunguko wa pili Python inakataa kwa `ValueError`, kwa kuwa ujumbe hauruhusiwi kuwa na `To` mbili. Hapo wengi wanaongeza `del msg["To"]` na kosa linatoweka. Lakini viambatisho havijafutwa. Mteja wa kwanza anapata ankara yake, wa pili anapata yake na ya wa kwanza, wa 10 anapata ankara 10, tisa kati yake za watu wengine, zenye majina na kiasi wanachodaiwa. Weka `msg = EmailMessage()` ndani ya kitanzi, kila mteja na ujumbe wake mpya. Kinachobaki nje ni muunganisho wa seva: fungua mara moja, tuma zote, funga.

Ukubwa nao una hesabu yake. Kiambatisho hugeuzwa kuwa base64, kila baiti 3 zinakuwa herufi 4, na ukijumlisha alama za kukata mistari faili linanenepa kwa takribani asilimia 37. Gmail inaruhusu viambatisho hadi MB 25, lakini kikomo kinachokukwamisha huenda kiko upande wa mpokeaji. Seva ya barua inayotumia programu ya Postfix isiyobadilishwa mipangilio inakomea baiti 10,240,000 kwa ujumbe mzima, yaani faili la kama MB 7.4 tu. Mimi naishia MB 7. Zaidi ya hapo natuma kiungo cha kupakulia.

Na hapa ndipo nyota moja ilipopungua: `send_message`, amri ya `smtplib` inayotuma ujumbe, ikimaliza bila kosa, maana yake seva yako imeupokea ujumbe, si kwamba umemfikia mteja. Seva ya mbali ikiukataa, taarifa inarudi baadaye kama barua kwenye sanduku la mtumaji, na programu haina habari. Kwa hiyo `From` iwe anwani inayosomwa na mtu kweli, na asubuhi ya pili sanduku hilo likaguliwe kabla ya kumwambia yeyote kwamba ankara zimetoka.

Akaunti binafsi ya Gmail ina kikomo cha barua 500 kwa siku. Ukizidi hapo tafuta huduma ya SMTP (itifaki ya kutuma barua pepe) ya kulipia. Msimbo unabaki ule ule, unabadilisha jina la seva, jina la mtumiaji na nenosiri.