Godoro la upepo kwa mzee asiyeweza kujigeuza: uzoefu wangu

Godoro ninalolizungumzia ni lile la viputo, lenye pampu ndogo inayoning'inizwa kwenye ubao wa miguuni. Tunalitumia kwa bibi, na ningelinunua tena. Ila usimsikilize muuzaji anayekwambia kwamba ukishalitandika kazi ya kumgeuza mzee imekwisha. Pampu hujaza baadhi ya viputo huku vingine vikilegea, na baada ya kama dakika 10 vinabadilishana zamu, ili damu ipite pale palipokuwa pamegandamizwa. Hiyo inapunguza vidonda vya kulalia sehemu moja muda mrefu, haivizuii peke yake. Sisi bado tunamgeuza kila baada ya saa 2, na mto tunauweka chini ya mashavu ya miguu ili visigino visiguse kitu.

Litandike juu ya godoro la kawaida, kamwe si juu ya chaga tupu. Washa pampu kwa nguvu ya juu, subiri dakika 20 hadi 30 lijae, ndipo umlaze mzee na kupunguza upepo kulingana na uzito wake. Namba za kwenye pampu siziamini sana, naamini kiganja. Mzee akiwa amelala chali, kipitishe chini ya godoro la upepo, usawa wa makalio. Pakibaki upepo wa unene wa vidole viwili hivi, sawa. Ukiusikia mwili umekaa juu ya mkono wako, ongeza. Likiwa gumu kabisa, punguza, maana ugumu nao unaumiza.

Kinachoharibu faida yote ni matandiko. Watu huweka shuka la mpira, kanga tatu na blanketi, kisha wanashangaa kidonda kimetoka wapi. Shuka moja ya pamba inatosha, tena isivutwe ikakaza. Plastiki ya godoro huleta jasho, hasa kwa joto la Dar, kwa hiyo shuka ikilowa ibadilishwe hapo hapo.

Umeme ukikatika, chomoa mipira ya kupitishia upepo kwenye pampu na uibane ncha zake. Upepo utakaa kwa muda tu, na ndiyo maana godoro la chini ni la lazima. Pampu nyingi za aina hii hula chini ya wati 10, hata inveta ndogo inaimudu. Likitoboka, paka maji ya sabuni, mapovu yatakuonyesha tundu, kausha ubandike kiraka.

Dukani waambie wawashe pampu uisikilize, kwani inayonguruma itamnyima mzee usingizi. Uliza pia kama pampu huuzwa peke yake, maana ndiyo hufa kwanza.

Kabla ya kutoa hela, pita ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ya serikali uulize msamaha wa matibabu kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Na mwombe muuguzi akuonyeshe kwa vitendo namna ya kumgeuza mzee bila kumburuta, kwa sababu kuburuta huchubua ngozi.

Kila unapomwogesha, kagua mfupa wa mkiani, nyonga na visigino. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, hivyo tafuta pale palipo pa moto, pagumu au peusi zaidi. Usipakande. Mgeuze asilalie upande huo, na ngozi ikifunguka mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.