Nimejipiga Risasi Mguuni: Receiver 2 na Vita vya Kujaza Magazini

Oya wadau, sauti inafika? Haya. Leo hakuna salamu ndefu maana nina hasira. Jana usiku nimekufa mara tisa kwenye gemu ya bastola, na katika hizo tisa, tatu hakuna adui aliyenigusa. Nimejipiga mwenyewe. Mguuni. Wakati nachomeka bastola kwenye ala!

Gemu yenyewe ni Receiver 2, ya Wolfire Games, imetoka 2020. Picha zake mnaziona hapo, vyumba, ngazi, droni, mashine za risasi zimetegwa konani. Stori ni kanda za kaseti unaziokota, tuziache. Leo nataka tukae kwenye kitu kimoja tu: kujaza risasi kwenye magazini, kile kikasha kinachobeba risasi ndani ya bastola.

Nyie mmezoea PUBG, ile gemu ya vita. Zimebaki risasi kumi, unagusa kitufe, mkono unacheza kidogo, magazini imejaa, na zile kumi zimerudi kwenye begi zenyewe kama chenji. Sasa huku tazameni, nasogeza kamera kwenye kibodi.

Hii ni Colt 1911. Magazini inabeba saba. Kwenye skrini hakuna namba yoyote, zimebaki ngapi ni kazi ya kichwa chako. Nimepiga nne... au tano? Ona, nimeshasahau. Nabonyeza E, magazini hiyo imetoka, iko mkono wa kushoto. Nataka kuongeza risasi. Imegoma! Imegoma kwa sababu mikono ni miwili, na wa kulia umeshika bastola. Kwa hiyo bastola iende kwenye ala kwanza. Na hapa ndipo ninapofia kila siku: magazini iko nje, sawa, lakini risasi moja bado imelala kwenye chemba, yaani ndani ya bastola yenyewe tayari kufyatuka, nyundo imekokiwa, sefti, ile swichi ya kuzuia isifyatuke, sijaweka, nachomeka kwa pupa... paa! Mguu huo.

Tunaanza upya. Sefti. Ala. Sasa risasi: moja, mbili, tatu, kila moja na mbonyezo wake wa Z, sikieni huo mlio wa springi. Natoa bastola, narudisha magazini, nashusha sefti... Hii droni imeingia saa ngapi? Basi. Kumi.

Ajabu ni kwamba hapo hapo ndipo nilipoanza kuipenda. Droni moja tu inanitoa jasho kuliko maadui hamsini wa kwingine, maana ikikaribia vidole vinatetemeka, nachanganya E na Z, natupa magazini iliyojaa.

Ila uhalisia huu usiniletee kila mahali. Doom ya 1993 hujazi chochote, unafyatua mpaka risasi ziishe, na ukiiwekea ala na sefti umeiua. Mafia ya 2002 ilikuwa kali kidogo: ukibadili magazini ambayo haijaisha, zilizobaki zimepotea. Nilikuwa nailaani, kwa sababu kidole changu kina ugonjwa wa kujaza kila baada ya risasi mbili. Walionikuna ni Gears of War, 2006. Kitufe kimoja, lakini kuna alama inakimbia kwenye mstari. Ukigonga pale penyewe unajaza chapuchapu na risasi zinakuwa na makali zaidi, ukikosea bunduki inakwama. Kitufe kimoja na bado roho iko juu! Gemu za simu ziibe hiyo, sio kutuletea ngozi mpya za bunduki, yaani rangi na mapambo tu, kila wiki.

Kabla sijasahau, Jumamosi saa tatu usiku tuko laivu, umeme ukikubali. Na wanaoulizia maikrofoni mpya, bado. Ni ile ile ya gundi.

Bei? Kwenye Steam, lile duka la gemu mtandaoni, ni kama dola 20. Hiyo ni bando la mwezi na chipsi mayai juu. Mimi nimeingoja mpaka punguzo, na wewe ingoje hivyo hivyo, hasa kama hasira zako ziko karibu. Kibodi hazijaota mtini.

Haya, revolva kidogo. Smith & Wesson Model 10, risasi sita, hapa magazini hakuna. Nafungua silinda, nasukuma maganda yatoke... mawili yamegoma. Nasukuma tena. Moja limeanguka. Hili la mwisho... ngoja. Kuna kitu kinavuma nje ya mlango. Mnakisikia?