Fulana yenye mchoro wa Keith Haring: niliyoyaona nilipoigeuza ndani nje

Nianze na uamuzi, maana wengi wenu mmeshaiona picha yake na mnachotaka ni kujua kama inafaa kununuliwa. Inafaa. Ni fulana nyeusi ya mikono mifupi, pamba asilimia 100. Kifuani ina watu wa mistari mieupe wanaocheza, mikono juu, magoti yamekunjwa, na vile vistari vifupi vya mtikisiko kandokando ya miili yao. Mchoro ni wa Keith Haring, msanii wa Marekani, na ndani ya shingo imeandikwa kwamba umetumika kwa idhini ya wakfu unaosimamia kazi zake. Printi ni bora kuliko nilivyotarajia kwa nguo ya kiwandani. Kitambaa ni kizuri, shingo ya wastani, na ubavuni kuna kasoro moja nitakayoieleza.

Mimi ni fundi cherehani. Nguo ikinifikia mkononi huigeuza ndani nje kabla sijaitazama usoni, kwa hiyo tuanze na ndani. Mabegani wameshona utepe unaofuata mshono kutoka bega moja hadi la pili kupitia nyuma ya shingo. Utepe huo ndio unaozuia fulana isilegee na kuning'inia baada ya kuvaliwa sana, na viwanda vingi siku hizi huuruka ili kuokoa muda. Upindo wa chini una mishono miwili sambamba, imenyooka. Kwapani ovaloki, yaani mshono wa kuzuia ukingo usifumuke, imebana, hakuna nyuzi zinazochungulia. Ubavuni ndipo panaponikera: vipande havikukatwa kwa kufuata uzi wa kitambaa, na baada ya kufuliwa mshono wa kushoto umeanza kupinda na kuja mbele. Ugonjwa huu huzikumba fulana nyingi zinazokatwa kwa haraka, nguo nyingi zikiwa zimerundikwa chini ya kisu kimoja. Hauharibu mchoro, lakini aliyetengeneza alipaswa kulijali.

Sasa printi. Imechapwa kwa skrini, yaani wino umesukumwa kupitia wavu, si ile ya kubandika kwa pasi ya joto. Ukipitisha kidole unahisi wino umekaa juu kidogo ya kitambaa, ila unakunjika pamoja nacho. Niliuvuta kwa dole gumba zote mbili, kwenye mgongo wa mchezaji wa katikati kabisa. Ulitanuka, ukarudi, bila ufa. Kuchapa wino mweupe juu ya kitambaa cheusi huwaumbua wachapaji wengi, kwa sababu weusi hupenya chini yake na weupe unaishia kuwa kijivu. Dawa yake ni kupiga tabaka la kwanza, likaushwe kwa joto, kisha lipigwe la pili juu yake bila kuhama hata kidogo. Hapa kingo za mistari zimelingana, na sikuona hata pembe moja ambapo tabaka la chini limechungulia.

Lakini sifa hiyo si ya wachapaji peke yao. Mchoro huu ni wa mtu aliyezoea weupe juu ya weusi. Haring alifika New York mwaka 1978 kusoma sanaa. Mwaka 1980 aliona kwamba kwenye stesheni za treni za chini ya ardhi, mbao za matangazo zisizokuwa na mteja zilifunikwa kwa karatasi nyeusi isiyong'aa. Akapanda juu barabarani, akanunua chaki nyeupe, akarudi chini kuchora. Aliendelea hivyo hadi 1985, na zaidi ya mara moja polisi walimkamata. Katika mazingira yale hakuna kupima, hakuna rasimu, hakuna kufuta. Ni mstari mmoja wenye unene uleule toka mwanzo hadi mwisho, bila kivuli wala rangi inayofifia polepole. Mwulize mchapaji yeyote wa skrini mchoro wa namna gani anautaka, atakutajia sifa hizohizo. Skrini haijui kivuli. Ama wino unapita kwenye tundu, ama haupiti.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa, na ndiyo sababu naandika kirefu hivi juu ya fulana. Kuna kuchukua picha ya msanii, na kuna kuchukua namna yake ya kufanya kazi. Fulana nyingi za sanaa zinachukua picha tu. Nimeshika nyingine zenye mchoro wa mafuta uliopigwa picha na kuchapwa kama mstatili mkubwa kifuani. Wino unakuwa bamba gumu, jasho halina pa kutokea, na mvaaji akiinama mstatili unapinda na mchoro wote unapoteza mpangilio. Mchoraji yule alipanga rangi zake kwa ajili ya ukuta. Watu wa Haring hawana shida hiyo. Kitambaa kikikunjwa, nao wanakunjwa, na bado wanacheza.

Yeye mwenyewe alilijua hilo. Aprili 1986 alifungua duka lake, Pop Shop, mtaa wa Lafayette, New York. Aliuza fulana, beji, mabango na vitu vidogovidogo, na alichora duka lenyewe ndani, kuta hadi dari, kwa mistari myeusi juu ya nyeupe. Wapo waliomlaumu kwamba anaishusha sanaa. Kwa jicho la fundi, lawama ile haikuwa na msingi. Mtu aliyechora stesheni ili apitaye yeyote aone, angewezaje kukaa akingoja wanunuzi wa majumba ya sanaa peke yao? Duka lilidumu hadi 2005, miaka 15 baada ya yeye kufariki kwa maradhi yatokanayo na UKIMWI akiwa na umri wa miaka 31. Wakfu wake, aliouanzisha mwaka 1989, unasaidia mashirika ya watoto na ya wenye UKIMWI. Ndiyo maana nasisitiza nunua yenye idhini. Nakala za wizi za michoro hii ni nyingi mno, na utazitambua kwa mstari: unene wake hauko sawa, na miguu imechorwa kwa woga.

Tofauti hii ya picha na namna ya kufanya kazi ndiyo naitumia kupima mitindo yote inayojisifu kwamba imetokana na sanaa. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mbunifu wa mavazi Yves Saint Laurent, mwaka 1965, na magauni aliyoyatoa kwenye michoro ya mchoraji Piet Mondrian: mistari myeusi, miraba ya nyekundu, bluu, njano na nyeupe. Mtu angedhani ni kitambaa kilichochapwa. Sivyo. Kila mraba ni kipande chake cha kitambaa cha sufu, kimeungwa na jirani yake kwa mshono. Na hapo kwenye mishono ndipo palipofichwa umbo. Sisi mafundi, tukitaka gauni likae kifuani na kiunoni, lazima kitambaa kipunguzwe mahali fulani, kwa kawaida kwa vile vikunjo vyembamba vinavyoonekana wazi. Yeye alipunguza ndani ya mistari ya mchoro. Ukilitazama gauni linaonekana limenyooka tupu, ilhali ndani yake mwili umekaa. Nilipolielewa jambo hili mara ya kwanza nililazimika kuacha kazi niliyokuwa nayo na kwenda kuchora upya chati ya sketi.

Mbunifu wa mavazi Alexander McQueen alikwenda mbali zaidi katika onyesho lake la majira ya machipuko ya 1999. Mwanamitindo Shalom Harlow alisimama kwenye sahani inayozunguka, akiwa na gauni jeupe, huku roboti mbili za kiwandani zikimpulizia rangi nyeusi na ya njano. Wazo lilitoka kwenye kazi za Rebecca Horn, msanii wa Ujerumani aliyeunda mashine zinazorusha rangi. McQueen hakuchapa picha ya mashine za Horn kwenye kitambaa. Aliiacha mashine ifanye kazi mbele ya watu, na nguo ikawa alama iliyobaki. Ushirikiano wa kampuni ya mikoba Louis Vuitton na msanii Takashi Murakami wa mwaka 2003, ule wa nembo kwa rangi 33, naupa daraja la kati. Ni uchapaji mgumu sana na wa kupendeza, ila mkoba ulibaki mkoba uleule kwa umbo.

Upande wa muziki, fulana hii ina haki zaidi ya nyingi kuvaliwa kwenye dansi. Haring alikuwa mteja wa kudumu wa klabu ya Paradise Garage, ambako Larry Levan alikuwa akipiga santuri, na ukitazama magoti ya wachezaji hawa utajua mchoraji alikuwa mmoja wao, hakusimama ukutani akiangalia. Mwaka 1984, kwenye sherehe yake ya kuzaliwa hukohuko, Madonna alitumbuiza akiwa amevaa mavazi yaliyochorwa na Haring. Mwaka huohuo Haring alimchora mwanamuziki Grace Jones mwilini, mistari mieupe juu ya ngozi nyeusi, na mpiga picha akawa Robert Mapplethorpe. Miaka miwili baadaye akamchorea sketi kubwa mno kwa ajili ya video ya wimbo. Mwanamuziki, mchoraji na nguo vikawa kitu kimoja, na hakuna aliyekuwa akimpamba mwenzake.

Kipimo kilekile kinafanya kazi kwa wanamuziki wa karibuni. Kwenye video yake ya "Hold Up" ya mwaka 2016, Beyoncé anatembea barabarani kwa gauni la njano akivunja vioo vya magari, uso umejaa furaha. Waliowahi kuiona kazi ya video ya msanii Pipilotti Rist ya mwaka 1997 walimkumbuka mara moja mwanamke wa gauni la bluu anayevunja vioo kwa ua refu, huku polisi wa kike akimpita na kumpigia saluti. Kilichohama kutoka kazi moja hadi nyingine ni mwendo: ule wepesi wa hatua unaokataa kulingana na uharibifu unaotendeka. Gauni lilibadilika rangi na ua likawa kirungu cha besiboli, na bado kitu chenyewe kilifika. Kinyume chake, video ya Drake ya mwaka 2015 yenye vyumba vya mwanga iliwakumbusha wengi kazi za James Turrell, msanii anayetumia mwanga. Nzuri kutazama, ila kwa Turrell mtu huachwa ndani ya mwanga hadi macho yaanze kujitilia shaka. Video ya dakika chache haina nafasi hiyo, ikabaki na rangi.

Na mimi fulana hii imenifanyia nini? Chaki. Natumia chaki kila siku ya kazi, bapa, nyeupe, na siku zote ni ya kupimia: alama hapa, alama pale, rula katikati. Baada ya kuishi na fulana hii nilitandaza mgongo wa koti la jinzi nyeusi mezani, nikachora bila rula na bila kuinua mkono, mwanamke anayefukuza ndege shambani. Kisha nikashona kamba nyembamba nyeupe juu ya chaki, zigizaga, sindano ikifuata mstari ulivyo. Pale kwenye bega mkono ulitetemeka kidogo, na mtetemo ule ndio watu huugusa wakilishika koti. Nimejifunza pia kwamba kamba lazima izungushwe kona taratibu, sindano ikiwa chini, mguu wa cherehani umeinuliwa, la sivyo kiwiko cha mtu kinakuwa duara.

Ile sketi ya mishono iliyofichwa nayo nimeimaliza. Vipande vya rangi nne, na mstari mmoja mweusi unapita palepale nyonga inapoanza kutoka. Mteja aliyeijaribu aliuliza mbona inamkaa hivi na haioni zipu wala mkunjo. Zipu imo ndani ya mstari mweusi.

Nirudi kwenye fulana kwa wanaotaka kuagiza. Chukua saizi moja juu ya yako ukipenda nafasi, kwa sababu imekatwa nyembamba mabegani na pamba yake ilirudi kidogo baada ya maji ya kwanza. Ifue kwa maji baridi ikiwa imegeuzwa, ianike kivulini, na pasi ipite kwa ndani tu. Chuma cha moto kikigusa wino utayeyuka na kunata. Shingo ina ukingo mwembamba unaovutika, itaanza kulegea ukiivaa kwa kuivuta kichwani kwa mkono mmoja. Ubavu unaopinda unarekebishika: fumua mshono, nyoosha kitambaa juu ya meza, kata kilichozidi, shona upya. Ni kazi ndogo kwa fundi yeyote mwenye mashine ya ovaloki. Ipo pia ya kitambaa cheupe na mistari myeusi. Wino wake ni tabaka moja, kwa hiyo ni laini zaidi kifuani na itawafaa wanaosumbuliwa na joto. Mimi ningechukua nyeusi.