Kidato cha tano au VETA?

Kijana amemaliza kidato cha nne, na nyumbani mjadala ni uleule. Kidato cha tano na cha sita ni miaka miwili ya darasani, mtihani wa Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), kisha chuo kikuu. Kwa anayetaka udaktari, ndiyo njia iliyonyooka zaidi.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, inafundisha ushonaji, umeme wa majumbani, uchomeleaji, ufundi magari. Kijana akienda mazoezini karakanani, anajifunza pia kukadiria gharama, kutunza ahadi na kumtuliza mteja aliyekasirika. Haya nayathamini mno, maana nimewaona wenye shahada wasiojua kupanga bei ya kazi yao wenyewe.

Mwanangu akipenda vitabu, ataenda kidato cha tano, lakini likizo atakaa kwa fundi.