Postikadi za zamani za Old Fort Harrod: uzoefu wangu

Naishi Lexington, Kentucky. Harrodsburg si mbali, na watoto nimewapeleka mara mbili kwenye ngome ya Old Fort Harrod. Safari ya pili ndiyo iliyoniwasha moto wa kutafuta postikadi zake. Mwezi uliopita nikaagiza sita mtandaoni, dola 18 zote.

Zilifika siku ya nne zimefungwa vizuri sana, kila moja na mfuko wake, katikati ya kadibodi mbili.

Nne ni zile zenye vijistari kama kitambaa cha kitani, kazi ya Curt Teich, kampuni ya kuchapa postikadi ya Chicago. Pitisha kidole utavihisi. Picha yenyewe ilipigwa nyeusi na nyeupe, rangi zikaongezwa kiwandani, ndiyo maana anga lina buluu kali na magogo ya ukuta yana wekundu ambao pale sikuuona. Mimi nazipenda kwa hilo hasa. James Harrod na wenzake walianzisha makazi yao mwaka 1774, lakini kuta tunazozitembelea leo zilijengwa upya, zikafunguliwa 1927. Kadi yangu moja namba yake ya kiwandani inaanza na 6A, yaani 1936. Ngome iliyomo humo ina miaka 9 tu! Sasa nakala hiyo ya ngome nayo imezeeka, na kadi hizi ndizo zinazotuonyesha ujana wake.

Kasoro ipo. Tangazo lilisema zote ni za miaka ya 1930. Mbili zilikuwa laini, za kung'aa, picha za rangi za kamera, za miaka mingi baadaye. Nilivunjika moyo, maana nilikwisha kuzipangia nafasi kwenye albamu. Nilimwandikia muuzaji, akarudisha dola 5 bila ubishi, ila maelezo yake hakuyarekebisha, na hilo silikubali.

Kwa hiyo ukitaka kununua, omba kwanza picha ya namba. Kwa kadi za Teich za aina hii, A ni miaka ya 1930, B ya 1940, C ya 1950, na tarakimu iliyotangulia herufi inakupa mwaka wenyewe. Omba na picha ya nyuma pia. Moja yangu bado ina stempu ya kijani ya senti moja yenye kichwa cha Washington, na maneno ya penseli ya mtu anayemweleza dada yake kwamba mvua imewanyeshea njia nzima.

Sasa natafuta postikadi ya jengo la matofali, lililoko hapo hapo kwenye hifadhi ya ngome, linalohifadhi kibanda ambamo wazazi wa Abraham Lincoln walifunga ndoa mwaka 1806. Mwenye nayo, ya kitani, aniambie bei.