Budapest usiku na pembezoni mwake: hamamu ya Rudas, baa za magofu na Mabusó wa Mohács

Mgeni anayeshuka Budapest kwa mara ya kwanza huuziwa mambo matatu kabla hajafungua begi: meli ya chakula cha jioni kwenye mto Danube, basi la ghorofa la kuzungushwa mjini, na tiketi ya disko ndani ya mabwawa ya Széchenyi. Yote matatu unaweza kuyaacha na usipoteze kitu. Hungaria humpa mgeni raha kubwa zaidi pale jambo la zamani linapoendelea kufanya kazi yake ile ile hadi leo, wenyeji wakiwa humo humo ndani. Kwa kipimo hicho, hamamu ya Rudas usiku ndiyo ya kwanza mjini, na sherehe ya vinyago ya mji wa Mohács ndiyo ya kwanza nje ya mji.

Rudas iko upande wa Buda, yaani magharibi mwa Danube (Pest ni upande wa mashariki), chini ya kilima cha Gellért, ukishavuka tu daraja la Erzsébet. Ilijengwa karne ya 16, mji ulipokuwa chini ya Waturuki wa Osmania, na chumba chake kikuu kingalipo: bwawa la pembe nane katikati, nguzo nane za mawe zikilizunguka, na juu yake kuba yenye matundu madogo ya vioo vya rangi. Maji ya bwawa la katikati ni nyuzi 36. Kwenye pembe za chumba kuna vibwawa vinne vya nyuzi 28, 30, 33 na 42, na karibu na vyumba vya mvuke kuna kingine cha baridi kali, nyuzi 16. Maji yanatoka kwenye chemchemi za chini ya kilima, na harufu ya salfa utaisikia tangu kwenye korido.

Ijumaa na Jumamosi usiku hamamu hufunguliwa tena kuanzia saa nne hadi karibu na alfajiri, wanaume na wanawake pamoja, wote wakiwa na nguo za kuogelea. Tiketi ni zaidi ya forinti 10,000. Inunue mtandaoni mapema, kwa sababu nafasi ni chache na mlangoni hapana uhakika. Soma vizuri unachonunua: jengo lina sehemu tatu, yaani hamamu ya Kituruki, bwawa la kuogelea, na sehemu mpya iliyofunguliwa 2014 yenye bwawa la maji moto juu ya paa, linalotazama mto na taa za Pest. Mchana tiketi nyingine hazifiki paani. Bwawa hilo ni dogo na hujaa haraka, basi ukiingia tu, panda kwanza huko, kisha shuka hamamuni taratibu.

Mlangoni utafungwa bangili ya plastiki mkononi. Hiyo ndiyo tiketi yako na ndiyo ufunguo wa kabati: unafunga mlango, unagusisha bangili kwenye kufuli, unasubiri ilie. Kariri namba ya kabati, maana makabati yote yanafanana. Milango ya vyumba vya kubadilishia nguo mara nyingi imeandikwa Kihungari: Férfi ni wanaume, Nő ni wanawake. Beba kandambili, kwa kuwa sakafu inateleza, na taulo mbili, moja ya kujifutia na moja ya kukalia kwenye chumba cha joto kavu. Kukodi taulo kunawezekana, ila bei yake inauma. Vua pete na mikufu ya fedha kabla hujaingia. Salfa huifanya nyeusi mara moja. Mwenye nywele za kusuka azifunge juu na avae kofia ya plastiki, maana rasta zikishashiba maji hukauka kwa saa nyingi, na kutoka na kichwa kibichi kwenye baridi ya Januari ni kujitafutia ugonjwa. Kwenye bwawa la kuogelea lenyewe kofia ni lazima kwa kila mtu.

Utaratibu mzuri ni huu. Oga kwanza kwa sabuni. Kaa nyuzi 33 au 36 kama robo saa hadi mwili ulegee. Kisha ingia nyuzi 42, dakika tano zinatosha, halafu nyuzi 16 kwa muda wa pumzi chache, halafu keti pembeni upumzike kabla ya kurudia. Wanaozimia humu mara nyingi wamefanya kosa moja: wameanza na 42, wamekaa sana, kisha wamesimama ghafla. Joto limetanua mishipa, presha imeshuka, na damu haiwahi kufika kichwani. Pombe huongeza hatari hiyo, kwa hiyo hamamu itangulie na baa ifuate. Mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye presha na mjamzito wamuulize daktari kabla hata ya kununua tiketi.

Kinachoifanya Rudas istahili nauli yote hiyo ni ukimya. Taa ni hafifu, sauti hupanda kubani na kurudi imelainika, na watu hujikuta wananong'ona bila kuambiwa. Mwanamke asiyependa kuoga pamoja na wanaume ana siku yake ya mchana, Jumanne, siku ya wanawake peke yao. Wanaume nao wana siku zao katikati ya wiki. Ratiba ya siku hizo hubadilishwa mara kwa mara, basi itazame kwenye tovuti ya hamamu wiki ile ile ya safari. Siku za jinsia moja nguo ya kuogelea si lazima, na utawakuta wengine wako uchi kabisa bila haya. Asiyetaka kuona hayo achague siku ya mchanganyiko.

Széchenyi, iliyofunguliwa 1913 ndani ya bustani kubwa ya mji, ni kitu kingine kabisa: mabwawa 18, kuta za manjano, wazee wanaocheza sataranji wakiwa ndani ya maji hadi kifuani. Ni pazuri sana asubuhi na mapema siku ya kazi, hasa wakati wa baridi, mvuke ukiwa umefunika bwawa zima. Disko la Jumamosi usiku humo humo halina ladha hiyo. Muziki ni mkubwa, pombe inauzwa kando ya maji, umati ni wa wageni tu, na bei inazidi ya kuoga mchana. Vijana waliokuja kwa kundi watafurahi. Aliyekuja kuijua Budapest afadhali apeleke fedha zake Rudas. Na kwa kuwa vitabu vingi vya wageni bado vinaisifu hamamu ya Gellért: ilifungwa Oktoba 2025 kwa ukarabati wa miaka kadhaa, usiifuate.

Baa za magofu, romkocsma kwa Kihungari, zimejaa wilaya ya saba ya mji, mtaa uliokuwa wa Wayahudi. Baada ya Vita Kuu ya Pili nyumba nyingi za huko zilibaki zikichakaa, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 vijana wakaanza kukodi nyua hizo kwa bei ndogo na kuweka viti vya kuokota. Szimpla Kert ndiyo mama yao. Ilianza 2002 na tangu 2004 iko Kazinczy utca (utca ni barabara) namba 14. Kuingia ni bure. Ndani kuna ua wazi, ngazi za kupanda vyumba vya juu, gari la Trabant lililogeuzwa meza, na mabeseni ya kuogea yaliyokatwa kuwa makochi. Siku hizi Jumamosi usiku huwezi kupita humo bila kusukumana. Nenda Jumapili asubuhi, kati ya saa tatu na saa nane mchana, wakulima wanapouza jibini, asali, mkate na soseji kwenye ua huo huo. Hapo ndipo utakapoiona nyumba yenyewe. Ukitaka usiku, nenda Jumatatu au Jumanne kabla ya saa tatu usiku.

Kinywaji cha kuagiza ni fröccs, divai iliyochanganywa na maji ya soda, na kila kipimo kina jina lake. Kisfröccs ni desilita moja ya divai kwa moja ya soda, nagyfröccs ni mbili kwa moja, hosszúlépés ni moja kwa mbili. Asiyetaka kulewa mapema achukue hiyo ya mwisho. Pálinka, pombe kali ya matunda, huja kwenye glasi ndogo na huwashinda wengi. Cha kushindilia tumbo ni lángos, andazi pana bapa linalopakwa kitunguu saumu, krimu chachu na jibini. Ukitoka baa, punguza sauti. Juu ya baa hizo wanakaa watu, na kelele ziliwachosha kiasi kwamba 2018 mtaa ulipigia kura suala la kuzifunga usiku wa manane. Kura haikutimiza idadi ya wapigaji, baa zikabaki. Kunywa pombe barabarani mtaani humo kuna faini.

Kurudi hotelini si tatizo. Metro hufunga kabla ya saa sita usiku, lakini tramu namba 6 hutembea usiku kucha kwenye barabara kuu ya mzunguko, na mabasi ya usiku yana namba zinazoanza na 9. Tiketi ya karatasi ya safari moja lazima uigonge kwenye mashine. Kuwa nayo mfukoni haijagongwa ni sawa na kutokuwa nayo, na wakaguzi husimama mlangoni mwa metro. Tiketi ya saa 24 au 72 inakuondolea adha hiyo. Basi la uwanja wa ndege, 100E, lina tiketi yake ya pekee. Fedha ni forinti, si yuro: toa kwenye mashine za benki, na ukiulizwa kama unataka kukatwa kwa sarafu ya nchi yako, kataa, kwani kiwango chao huwa kibaya. Na mwanamke usiyemjua akikualika baa karibu na Váci utca, usiende. Bili ya hapo huja na tarakimu za kutisha na mabaunsa wa kuisimamia.

Wenye watoto wana lao: Gyermekvasút, reli nyembamba ya kilomita 11.2 kwenye vilima vya Buda, ambako watoto wa miaka 10 hadi 14 huuza tiketi, hukagua abiria na kupeperusha bendera, huku mtu mzima akiendesha injini. Tiketi za mji hazifai humo. Kuanzia Septemba hadi Aprili, Jumatatu imefungwa.

Mohács iko kusini, kando ya Danube, karibu na mpaka wa Kroatia. Kila mwaka Wasokác, jamii ya Wakroati wa huko, hufukuza baridi kwa siku sita zinazoishia Jumanne ya kabla ya Kwaresima, yaani siku 47 kabla ya Jumapili ya Pasaka. UNESCO iliiorodhesha sherehe hiyo mwaka 2009 kuwa urithi wa utamaduni. Mabusó, yaani wachezaji wa sherehe hiyo wenye vinyago, huvaa ngozi za kondoo zilizogeuzwa nje ndani, vinyago vya mti wa mwerebi vyenye pembe, kengele za ng'ombe kiunoni, na kelele za vibao vyao husikika kutoka mbali. Siku ya kuchagua ni Jumapili: wanavuka mto kwa mitumbwi, wanaandamana hadi uwanja mkuu, na jioni moto mkubwa unawashwa. Jumanne huchomwa jeneza la msimu wa baridi, na umati ni mdogo zaidi.

Vaa koti kuukuu, kwa kuwa wanapenda kuwapaka watu majivu na kuwamwagia unga, na wanawake hukumbatiwa bila hodi. Asiyetaka akae nyuma ya safu za mbele, karibu na familia. Vyumba vya mji huo huisha miezi mingi kabla. Lala Pécs, kilomita kama 40 hivi, na uje kwa basi asubuhi. Kwa mwenye pasi ya Kenya au Tanzania, hesabu ianze na viza ya Schengen: ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, bima ya afya isipungue yuro 30,000, na maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Kwa Februari, hiyo ni Agosti. Chumba cha Pécs kinachoweza kufutwa bila malipo kishikwe mwezi huo huo.