Mininet au ns-3: ipi ya kuigizia mtandao?

Zote mbili ni programu za bure za kuunda mtandao wa majaribio ndani ya kompyuta, kwa hiyo gharama yake ni muda wako na nguvu ya laptopu.

Mininet huwaka haraka. Mistari michache ya Python, unaweka kiungo chenye bw=10 (kasi ya Mbps 10) na delay='50ms' (ucheleweshaji), unaendesha iperf, programu ya kupima kasi, na kasi unaiona papo hapo. Pakiti zinapita kwenye kerneli (kiini cha mfumo) halisi ya Linux, hivyo programu yako unaijaribu kama ilivyo, bila kuigusa. Hapo ndipo ninapoipenda sana. Ila inafuata saa ya kawaida: mashine ikilemewa, vipimo vinapotoka. Na skripti ikikatika njiani, safisha kwanza kwa sudo mn -c kabla ya kuanza upya.

ns-3 imeandikwa kwa C++, na kuikompaili (kuigeuza msimbo wake uwe programu inayoendeshwa) mara ya kwanza kunataka subira. Lakini saa yake ni ya kuigiza. Laptopu dhaifu itachelewa tu, majibu hayaharibiki. Mbegu (namba ya kuanzia) ileile ya namba nasibu, matokeo yaleyale. Wi-Fi na LTE (mtandao wa simu wa 4G) pia inaziigiza kwa undani zaidi.

Unajaribu seva uliyoiandika wiki hii? Anza na Mininet. Una tasnifu yenye grafu ambazo msimamizi atataka zirudiwe? Ivumilie ns-3.